Mradi wa Tovuti Umekosa Mteja: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kuvitatua

Mwanafunzi wa usanifu wa tovuti anapoambiwa atafute mteja halisi kwa ajili ya mradi wake, mara nyingi wiki mbili za mwanzo wa muhula humpita akiandika barua pepe zisizojibiwa, na wiki ya tatu humkuta akimwomba binamu yake ajifanye ana biashara. Wanafunzi wengi hudhani kwamba wateja hawapo. Wapo, tena wengi, kwa kuwa vyama, vikundi na ofisi ndogo zenye tovuti mbovu au zisizo na tovuti kabisa ni nyingi kuliko wanafunzi wanaoweza kuzihudumia. Kinachokwama ni namna wanafunzi wanavyowatafuta, wanavyowapima na wanavyoelewana nao, na kila mkwamo una dalili yake inayoweza kusomwa mapema.

Kabla ya kuzipitia dalili hizo, ni vizuri kujua tunamtafuta nani. Katika mwongozo huu, mteja halisi ni mtu au taasisi yenye mambo mawili: haja, yaani kuna jambo linalomkwamisha au linalomgharimu kwa sababu tovuti haipo au haifanyi kazi, na mamlaka, yaani anaweza kusema "ndiyo, iwe hivi" bila uamuzi wake kutenguliwa na mwingine kesho yake. Wapo wanaoongeza jambo la tatu, kwamba awe na muda. Mimi silihesabu, kwa sababu mwenye haja ya kweli huupata muda, na asiye na haja hana muda hata akiwa amekaa bure. Karibu kila tatizo lililoelezwa hapa chini linatokana na kukosekana kwa mojawapo ya mambo hayo mawili, au na mwanafunzi kushindwa kuyaona ingawa yapo.

Dalili: umeandika kwa watu wengi na hakuna anayejibu

Anza na sababu iliyo rahisi kuliko zote, kwamba ujumbe haukufika mikononi mwa mtu. Anwani ya jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa wa taasisi ndogo mara nyingi ilifunguliwa na mtu ambaye ameshaondoka, na fomu ya mawasiliano ya tovuti ya zamani inaweza kuwa imeacha kutuma barua bila yeyote kugundua. Namna ya kulipima hili ni kupiga simu au kufika ofisini na kuuliza swali moja tu: ni nani anayeshughulikia matangazo na taarifa zenu? Ukipewa jina, andika upya kwa jina hilo. Ukiambiwa kwamba hakuna anayehusika, usikate tamaa, kwani hiyo nayo ni taarifa: huenda haja ipo, ila mamlaka bado hujayapata.

Sababu ya pili ni kwamba ujumbe umefika, ukasomwa, na ukafutwa kwa kudhaniwa kuwa ni utapeli. Mtu yeyote mwenye tovuti hupokea mara kwa mara barua za watu asiowajua wakimwambia kwamba tovuti yake ina kasoro na kwamba wako tayari kuirekebisha. Mwanafunzi anayeandika "Ninaweza kuboresha tovuti yenu bila malipo" anafanana nao neno kwa neno, na hilo "bila malipo" badala ya kumvutia msomaji linamtia shaka zaidi. Kinachokutenganisha na barua hizo ni kasoro mahususi uliyoiona kwa macho yako, ambayo mpokeaji anaweza kuihakikisha kwa nusu dakika akiwa na simu yake mkononi.

Kasoro hizo hutafutwa kwa kuitumia tovuti kama mgeni wa kawaida. Ifungue kwenye simu, na uone kama maandishi yanasomeka bila kukuzwa. Gusa namba ya simu iliyoandikwa, uone kama inapiga au ni maandishi matupu. Tafuta saa za kazi, mahali ofisi ilipo, na tukio lijalo, kisha hesabu umegusa mara ngapi kabla ya kupata jibu. Angalia pia kama anwani inaanza na "https", yaani mawasiliano kati ya mgeni na tovuti yamefungwa yasisomwe na wengine. Tangu Julai 2018, kivinjari cha Chrome huziwekea kurasa zisizo na ulinzi huo alama ya kwamba si salama, na wapo wenye tovuti wasiojua kwamba wageni wao wanaoneshwa onyo hilo kila siku, ilhali vyeti vya ulinzi vinatolewa bure na taasisi ya Let's Encrypt. Pima utofauti wa rangi kati ya maandishi na mandharinyuma: mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, WCAG, unataka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida, na maandishi ya kijivu hafifu juu ya rangi nyeupe mara nyingi hayafiki hapo.

Hapa ni lazima niweke onyo. Ishia kwenye mambo yanayoonekana na mgeni yeyote. Usijaribu kubahatisha nenosiri, usiendeshe programu za kusaka mianya ya usalama kwenye tovuti ya watu bila ruhusa yao ya maandishi, na usijisifu kwamba ungeweza kuingia. Katika nchi nyingi kuingia au kujaribu kuingia bila ruhusa kunaweza kuwa kosa la jinai hata kama nia yako ilikuwa njema, na hakuna mkurugenzi atakayemkabidhi tovuti yake mtu aliyejitambulisha kwa kutikisa kitasa cha mlango wake usiku.

Sababu ya tatu ni kwamba ujumbe unamzungumzia mwandishi wake. Mwanafunzi hueleza kozi yake, mhadhiri wake, tarehe ya mwisho na alama anazohitaji, na mpokeaji anamaliza kusoma akiwa amejua shida za mgeni bila kuiona yake hata moja. Linganisha na ujumbe kama huu:

"Ndugu Katibu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa usanifu wa tovuti. Jana nilitafuta kwa simu siku ya mkutano wa wanachama kwenye tovuti ya chama chenu cha wafugaji nyuki, nikakuta ratiba imewekwa kama picha ya karatasi ambayo maandishi yake hayasomeki hata ikikuzwa. Muhula huu ninatakiwa kutengeneza tovuti ndogo kwa ajili ya taasisi inayofanya kazi kweli, na ningependa kulishughulikia tatizo hilo. Kazi itasimamiwa na mhadhiri wangu na haitawagharimu fedha, ila nitahitaji mtu mmoja wa kujibu maswali yangu mara moja kwa wiki. Naomba dakika 20 za mazungumzo. Nitapiga simu ya ofisi Jumatano asubuhi, ili msipate usumbufu wa kuandika jibu."

Ujumbe huo una kasoro moja inayothibitika, ombi moja dogo lenye kikomo, na hatua inayofuata ambayo iko mikononi mwa mwombaji. Umetaja pia gharama iliyopo, yaani muda wa mtu mmoja, na kuitaja gharama hiyo kunaaminisha kuliko kusema kwamba hakuna gharama yoyote. Barua tano za namna hii, kila moja ikiwa imetanguliwa na nusu saa ya kuitazama tovuti husika, zitakuletea mazungumzo mengi kuliko barua 50 zilizonakiliwa.

Ikiwa umefanya yote hayo na bado kuna ukimya, angalia kalenda ya unaowaandikia. Shule wakati wa mitihani, klabu ya michezo katikati ya msimu na ofisi inayofunga hesabu za mwaka hazitakujibu hata ungeandika kwa wino wa dhahabu.

Dalili: wanakubali haraka, halafu wananyamaza

Dalili hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa aliyekosa jibu anaendelea kutafuta, ilhali aliyekubaliwa hukaa akisubiri mpaka muhula umefika katikati. Chanzo chake mara nyingi ni adabu. Kumkatalia kijana mwenye heshima anayejitolea kufanya kazi ni jambo gumu, na kumkubalia hakugharimu chochote. Kwa hiyo watu wema hukubali, wakitumaini kwamba jambo lenyewe litajimaliza.

Tiba ni kuifanya ile "ndiyo" igharimu kitu kidogo mapema. Mwishoni mwa mazungumzo ya kwanza, omba vitu vitatu ndani ya siku saba: jina na namba ya mtu mmoja atakayekuwa msemaji wa taasisi katika mradi, jibu la swali la nani anamiliki jina la kikoa (anwani ya tovuti, kama ile inayoishia na .com) na akaunti ya seva (kompyuta inayohifadhi kurasa), kama vipo, na aya moja inayoeleza taasisi inafanya nini, hata ikiwa imeandikwa kwa mkono na kupigwa picha. Mwenye haja ataleta angalau viwili kati ya hivyo, pengine kwa kuchelewa siku moja. Asiyeleta hata kimoja amekujibu tayari, na siku ya nane unamwandikia kwa heshima kwamba umeelewa wana shughuli nyingi, kisha unakwenda kwa mwingine. Wanafunzi huogopa hatua hii wakidhani wanampoteza mteja, wakati kwa kweli hawajawahi kumpata.

Haja yenyewe inapimika hata kabla ya hapo, kwa swali ambalo mimi hulipenda kuliko yote: "Mwezi uliopita, ni swali gani mlilojibu kwa simu mara nyingi zaidi?" Aliye na haja hujibu papo hapo, tena kwa kuguna, kwa sababu amechoka kulijibu swali hilo. Ukipata jibu la namna hiyo umepata pia kiini cha ukurasa wa kwanza wa tovuti. Mtu anayefikiri kwa muda mrefu kisha akasema kwamba wangependa tu kuonekana wa kisasa hana shida ambayo tovuti itaiondoa, na shauku yake itakwisha pindi utakapomwomba kazi.

Chanzo cha pili cha ukimya ni kwamba aliyekubali hakuwa na mamlaka. Msaidizi wa ofisi, mwanachama mchangamfu au mtu wa kujitolea anaweza kukupokea kwa furaha, kisha akashindwa kukwambia kwamba mwenyekiti hajaambiwa lolote. Usimuulize moja kwa moja kama yeye ndiye mwenye uamuzi, kwani swali hilo linamfedhehesha. Muulize badala yake: "Ukurasa wa kwanza ukikamilika, nani mwingine atapenda kuuona kabla haujawekwa hewani?" Majina atakayoyataja ndiyo orodha ya wenye mamlaka, na ikiwa ni zaidi ya mawili, omba kikao kimoja kifupi nao wote mwanzoni, ukitoka hapo na sentensi moja iliyoandikwa kwamba fulani ndiye atakayeidhinisha kwa niaba ya wengine. Kamati inayoidhinisha rangi kwa kura haijawahi kumaliza tovuti ndani ya muhula mmoja.

Dalili: wanaopatikana ni ndugu na marafiki tu

Hili si lazima liwe tatizo. Shangazi mwenye karakana inayofanya kazi kila siku ni mteja halisi kuliko shirika kubwa lisilojua kwamba upo. Tatizo huanza pale udugu unapoziba masikio: ndugu hasemi kwamba menyu inamchanganya, anasema umefanya vizuri sana, na mradi unakosa lile jambo ambalo mhadhiri alikusudia ujifunze, yaani kusikia "hapana" kutoka kwa mtu asiyekudai upendo. Ukilazimika kumtumia ndugu, omba mtu mwingine wa mahali pake pa kazi awe ndiye anayeidhinisha, na watu watatu wasiokujua waijaribu tovuti mbele yako huku umenyamaza.

Matumizi bora zaidi ya ndugu na marafiki ni kuwafanya daraja. Usiwaulize kama wanahitaji tovuti; waulize ni nani wanayemfahamu anayelalamika kuhusu tovuti yake, au anayerudia kutuma taarifa zilezile kwenye makundi ya simu kila wiki. Kwaya, klabu ndogo za michezo, maktaba za jamii, vikundi vya mafundi, vyama vya wahitimu na watafiti wa chuo chako mwenyewe ambao kurasa zao zilisasishwa mara ya mwisho na mwanafunzi aliyehitimu zamani, wote hao wamo ndani ya hatua mbili za mtu unayemjua. Kwa upande wa taasisi kubwa, ikiwemo chuo chenyewe, tahadhari: ukurasa wa idara mara nyingi unatawaliwa na ofisi ya mawasiliano yenye kiolezo chake, na kibali kinaweza kufika baada ya muhula kwisha.

Dalili: mteja anataka kila kitu

Katika mazungumzo ya kwanza ilikuwa tovuti ya kurasa nne. Katika ya pili limeongezeka duka la mtandaoni, akaunti za wanachama, malipo kwa kadi na programu ya simu. Lawama hapa humwangukia mteja, ingawa kwa uzoefu wangu kosa ni la aliyeuliza "Mnataka tovuti ya namna gani?" Anayeulizwa anataka nini, na ambaye hajui bei ya chochote, hutaja kila alichowahi kukiona. Uliza badala yake mgeni wa tovuti anatakiwa aweze kufanya nini akimaliza kuisoma: kupiga simu, kujua ratiba, kujiandikisha, kufika mahali. Chagua mambo mawili kati ya hayo na uyaandike.

Hati ya makubaliano haihitaji kuzidi ukurasa mmoja, lakini ni lazima iwe na namba. Kurasa 5, fomu 1 ya mawasiliano, marekebisho ya jumla mara 2, tarehe ya mwisho ya kupokea maandishi na picha, na orodha fupi ya yale ambayo hayamo. Hiyo orodha ya yasiyomo ndiyo inayookoa mradi, kwa kuwa mteja anapokumbuka duka la mtandaoni katika wiki ya tisa, humbishii. Unafungua hati na kumwonesha kwamba lilijadiliwa na kuwekwa kando kwa awamu nyingine.

Kuhusu malipo na taarifa za siri, msimamo wangu ni mkali: mradi wa kwanza usiyaguse. Anayepokea namba za kadi anaingia chini ya masharti ya PCI DSS, yaani kanuni za usalama za malipo ya kadi, anayekusanya taarifa za watu walio katika nchi za Umoja wa Ulaya anaweza kuangukia chini ya sheria ya GDPR ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na nchi nyingine nyingi zina sheria zao za namna hiyo. Ikiwa mteja ni lazima apokee fedha, weka kiungo kinachoelekeza kwenye huduma ya malipo ambayo amejiandikisha mwenyewe, kwa jina lake, ili fedha na taarifa za kadi zisipite kabisa kwenye kazi yako. Na ikiwa ni zahanati inayotaka wagonjwa waeleze maradhi yao kwenye fomu, kataa kwa upole na uweke namba ya simu.

Dalili: makubaliano yapo, lakini maandishi na picha havifiki

Watu wanaoizungumzia kazi yao kwa ufasaha kwa saa nzima hukwama wakiwekewa karatasi tupu na kuambiwa waandike ukurasa wa "Kuhusu Sisi". Usimsubiri mteja aandike. Zungumza naye kwa dakika 40 huku ukirekodi kwa idhini yake, andika rasimu kwa maneno yake mwenyewe, kisha mpelekee asahihishe. Kurekebisha makosa ya mwingine ni kazi ambayo karibu kila mtu huifanya upesi, na baadhi huifanya kwa raha kupita kiasi.

Picha nazo zina matatizo yao. Picha iliyopigwa kwa simu mara nyingi huwa na megabaiti kadhaa, na kumi za namna hiyo zinatosha kuufanya ukurasa ushindwe kufunguka kwenye mtandao dhaifu. Zipunguze hadi upana wa piseli 1600 hivi na uzito wa kilobaiti mia mbili au tatu. Picha zilizookotwa kutoka kwenye matokeo ya utafutaji zina wenyewe, na atakayedaiwa ni mteja wako. Zenye sura za watoto zinahitaji ridhaa ya wazazi au walezi, iliyoandikwa.

Dalili: tovuti ya zamani ipo, lakini hakuna anayejua funguo ziko wapi

Taasisi ndogo ikisema "Tovuti tunayo, ila aliyeitengeneza hatumpati", usiikimbie, kwa sababu haja yake ni ya kweli kabisa. Lakini usianze pia kubuni kurasa kabla hujaelewa kilichopotea. Yapo mambo matatu yanayochanganywa: jina la kikoa, ambalo limesajiliwa kwa msajili fulani na hulipiwa kwa kipindi, seva inayohifadhi kurasa, na nenosiri la kuingilia mfumo wa kuhariri tovuti. Kila kimoja kinaweza kuwa kwa mtu tofauti.

Anza na kikoa. Utafutaji wa wazi wa taarifa za usajili, ambao kwa majina ya jumla kama .com sasa hufanyika kupitia mfumo wa RDAP uliochukua nafasi ya WHOIS, hukuonesha msajili ni nani na usajili unaisha lini, hata pale jina la mmiliki linapofichwa kwa sababu za faragha. Ukishamjua msajili, mwombe mteja atafute jina hilo kwenye barua pepe zake za zamani na kwenye kumbukumbu za mhasibu, maana risiti ya malipo ndiyo ushahidi mzuri kuliko wote wa akaunti ilifunguliwa kwa anwani gani. Kurejesha akaunti hiyo ni kazi ya mteja mwenyewe akizungumza na msajili. Wewe unakaa pembeni ukimweleza hatua. Tarehe ya mwisho ya usajili ikiwa imeshapita, haraka inahitajika. Kikoa cha .com kikishafutwa na msajili, huwa na siku 30 ambazo aliyekuwa mmiliki wake anaweza kukikomboa, kwa kawaida kwa gharama kubwa kuliko ya kuhuisha, kisha siku 5 za kusubiri kuondolewa, na baada ya hapo yeyote anaweza kukisajili.

Funguo zikipatikana, unaingia kwenye mtego wa pili, ambao nimeuona ukiwanasa hata waliobobea. Mwanafunzi hubadilisha seva za majina, yaani zile zinazoeleza kikoa kinaelekea wapi, ili kikoa kielekee kwenye tovuti mpya, tovuti inafunguka vizuri, kila mtu anafurahi, na baada ya siku mbili ofisi inagundua kwamba haijapokea barua pepe yoyote. Rekodi za MX zilizokuwa zikielekeza barua zilibaki kwenye mfumo wa zamani wa DNS, yaani orodha ya rekodi zinazoelekeza kikoa. Kabla ya kugusa chochote, nakili rekodi zote za DNS zilizopo na uzihifadhi. Uliza kama barua pepe za ofisi zinatumia kikoa hicho. Na kama inawezekana, badilisha rekodi ya anwani ya tovuti peke yake, ukiwa umepunguza muda wa TTL, yaani muda ambao mifumo mingine huikumbuka rekodi ya zamani, hadi sekunde 300 siku moja kabla, ili kosa likitokea lisahihishwe ndani ya dakika chache. Usifanye kazi hii Ijumaa jioni.

Jambo moja zaidi: usisajili kikoa wala seva kwa jina lako kwa ajili ya kumrahisishia mteja. Aliyetengeneza tovuti ile ya zamani alianza hivyohivyo, kwa wema.

Ikiwa baada ya wiki moja funguo hazijapatikana, tenganisha mradi na kikoa. Jenga tovuti kwenye anwani ya muda, kwa mfano kupitia huduma ya GitHub Pages ikiwa kurasa zako ni tuli, yaani hazitegemei hifadhidata, na uiandike hali hiyo kwenye ripoti. Kwa kawaida mhadhiri hupima usanifu, utafiti wa watumiaji na mawasiliano yako na mteja; hatakunyima alama kwa sababu msajili fulani amechelewa kujibu.

Dalili: mhadhiri amemkataa mteja uliyempata

Soma sababu kwa utulivu. Mara nyingi ni moja kati ya hizi: mteja hana watumiaji unaoweza kuwahoji, kazi ni ndogo mno, au ni kubwa mno. Mbili za mwisho hutibiwa kwa kubadilisha mipaka ya kazi bila kumbadilisha mteja. Ya kwanza haitibiki.

Dalili: mteja ametoweka katikati ya muhula

Kabla ya kumlaumu, jiulize ni nani aliyenyamaza kwanza. Nilipokuwa mwanafunzi nilimpoteza mteja mzuri kabisa kwa sababu nilikaa karibu mwezi mzima nikinyoosha rangi na nafasi za herufi bila kumwonesha chochote. Niliporudi na kazi niliyoiona nzuri, alikuwa ameshamlipa mtu mwingine, na kwa kweli sikuwa na la kumwambia. Kazi isiyoonekana humfanya mteja aamini kwamba haipo. Mpelekee kitu kila wiki, hata kama ni picha moja ya mchoro wa penseli na swali moja la kujibiwa kwa "ndiyo" au "hapana".

Ikiwa umefanya hivyo na bado hajibu, badilisha namna ya kuuliza. Maswali ya wazi huahirishwa, ilhali uamuzi ambao tayari umependekezwa husonga mbele wenyewe: "Nisipopata maelekezo tofauti hadi Alhamisi, nitatumia rangi ya kijani na kuweka ratiba juu ya ukurasa wa kwanza." Sharti hilo liwe limetajwa kwenye hati ya makubaliano tangu mwanzo, vinginevyo litaonekana kama ubabe. Mpigie simu pia, kwa sababu kuna watu ambao kwao barua pepe ni sanduku la kufunguliwa mara moja kwa mwezi. Siku 10 za kazi zikipita bila neno lolote kupitia njia mbili tofauti, mjulishe mhadhiri siku hiyohiyo, ukimpelekea nakala za mawasiliano yote, na mwombe umalizie kwa maudhui uliyonayo au uhamie kwa mteja wa akiba. Huyo wa akiba ni yule aliyekujibu vizuri katika wiki ya pili na ukamwomba asubiri; wanafunzi wengi husahau kumwandikia tena, ilhali huenda bado anasubiri.

Dalili: muhula umekwisha, na mteja bado anapiga simu

Simu hizo ni ushahidi kwamba tovuti inatumika, lakini pia ni ushahidi kwamba makabidhiano hayakukamilika. Chanzo mara nyingi kiko nyuma kabisa, kwenye uchaguzi wa teknolojia. Mwanafunzi hujenga kwa WordPress, mfumo wa kusimamia maudhui ya tovuti, kwa sababu darasani ndiyo iliyofundishwa, anaongeza programu-jalizi (vipande vya nyongeza) 15, kisha anaondoka, na hakuna mtu ofisini anayejua kwamba mfumo huo unahitaji kusasishwa mara kwa mara ili usivamiwe. Kama taasisi haina mtu wa kuifungua tovuti hata mara moja kwa mwezi, kurasa tuli zisizo na hifadhidata ni chaguo salama zaidi, ingawa kuzihariri kunahitaji ujuzi kidogo. Kama ina mtu anayebadilisha ratiba kila wiki, mfumo wa kusimamia maudhui unafaa, kwa sharti kwamba masasisho ya kiotomatiki yamewashwa na nakala rudufu inajitengeneza yenyewe mahali pengine nje ya seva.

Kwenye hati ya makubaliano andika kwamba utasahihisha makosa yako kwa siku 30 baada ya kukabidhi, na kwamba nyongeza mpya ni kazi mpya yenye mazungumzo yake. Siku ya kukabidhi, akaunti zote ziwe kwa anwani ya taasisi na si ya mfanyakazi mmoja, maneno ya siri uliyoyatumia wewe yabadilishwe mbele yako, na maelekezo ya ukurasa mmoja yawe yamechapishwa kwenye karatasi. Kisha kaa karibu na msemaji wa mteja, weka mikono yako mapajani, na umwombe abadilishe namba ya simu iliyoko kwenye ukurasa wa mawasiliano halafu airudishe ilivyokuwa. Akikwama, usimshikie kipanya. Rekebisha maelekezo pale alipokwama, umpe ajaribu tena, na usiifute akaunti yako mpaka aweze.